Plagi janja za tangi la samaki zinajizima usiku: ni umeme wa Mwanza au ni vifaa?

#1 Jabali la Nyegezi
Wakuu, salaam. Nina tangi la kioo la lita 240 hapa Nyegezi, ndani kuna furu wa mawe, wale samaki wadogo wa rangi wa miamba ya Ziwa Victoria. Nimelifungia plagi janja tatu, zile za Wi-Fi zinazoendeshwa na programu ya simu: ya kwanza pampu ya filta, ya pili taa za LED, ya tatu hita ya wati 200. Miezi ya mwanzo zilikwenda vizuri kabisa. Sasa kila moja ina ugonjwa wake.

Pampu inazimika usiku wa manane na haijirudishi. Asubuhi programu inasema kifaa hakipatikani. Nikibonyeza kitufe cha kwenye plagi yenyewe, inawaka. Na umeme haukatiki, maana pangaboi linazunguka usiku kucha.

Taa nimepanga ziwake saa nne asubuhi, zizime saa tatu usiku. Siku nyingine zinazima saa sita usiku. Na hata zikizima, vitone vya LED vinabaki na mwanga hafifu.

Hita ndiyo imenitisha. Programu inasema imezimwa, lakini taa nyekundu ya hita inawaka na kipimajoto kinasoma 31.

Mimi naamini umeme wa huku ndio unaoua hivi vifaa. Ndugu yangu wa Dodoma anazo za aina hiyo hiyo na hazimsumbui. Nina jike mwenye mayai mdomoni, sitaki kumpoteza. Naombeni mawazo.

#2 Binti Kirumba
Pole mkuu. Tuwekee picha ya tangi, na utuambie ni furu gani.

#3 Fundi Buzuruga
Pangaboi si shahidi wa umeme. Ni zito, umeme ukikonyeza nusu sekunde litaendelea kuzunguka na wewe umelala hutajua. Ndani ya plagi kuna kompyuta ndogo. Hiyo ikikosa umeme hata kidogo inaanza upya, na ikianza upya inatii mpangilio mmoja uliomo kwenye programu: umeme ukirudi ifanye nini. Kwa kawaida kuna chaguo tatu: iwake, ibaki imezimwa, au irudi ilivyokuwa. Nyingi nilizokutana nazo zinatoka zikiwa kwenye "ibaki imezimwa". Kwa pampu weka "iwake", usiku wa leo uone.

Wengine watakuja na maneno mengi, lakini anza hapo.

#4 Mvuvi wa Data
Fundi nakuheshimu, ila umeruka neno moja la mleta uzi: "hakipatikani". Hilo ni tatizo la mawimbi. Plagi hizi zinatumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu, na maji yanameza mawimbi hayo vizuri sana. Jabali, ruta iko wapi na plagi ziko wapi?

#5 Jabali la Nyegezi
Ruta iko upande wa pili wa sebule. Plagi zote tatu ziko kwenye ekstensheni nyuma ya tangi, ndani ya kabati la chuma linalobeba tangi.

#6 Mvuvi wa Data
Basi umeziweka nyuma ya lita 240 za maji, ndani ya sanduku la chuma. Zinapata mtandao kwa bahati tu. Kuna jingine la kuangalia: ruta ikiachwa ijichagulie chaneli, siku nyingine inahamia ya 12 au 13, na plagi nyingi haziioni kwa sababu zimetengenezwa kuishia 11. Funga chaneli kwenye 1, 6 au 11. Na kama ruta yako inatumia jina moja kwa gigahezi 2.4 na 5, yatenganishe.

#7 Fundi Buzuruga
Mvuvi, mtandao ukipotea rilei, ile swichi ya ndani ya plagi inayokutanisha na kuachanisha vyuma viwili (miguso), haifunguki. Kama pampu ilikuwa imewashwa itabaki imewashwa, hata ukichoma ruta moto. Kitu kimeizima. Eleza hicho kwanza.

#8 Mvuvi wa Data
Inategemea na programu iliyomo ndani ya plagi. Zipo zinazojianzisha upya zenyewe zikikaa muda mrefu bila kupata ruta. Zikijianzisha upya, tunarudi kwenye mpangilio wako wa #3. Kwa hiyo tunaweza kuwa sahihi wote wawili.

#9 Dala wa Kisumu
Jirani zetu, habari za huko. Hapa Kisumu stima inatusumbua pia, lakini kabla ya kulaumu waya fungueni hivyo vidude. Wale wadudu wa ziwa wanaopanda kutoka majini kama moshi wanafuata mwanga, na tangi la samaki ndiyo taa inayowaka hadi usiku. Nilifungua yangu nikakuta mizoga imejaa kwenye bodi, imenyonya unyevu, imekuwa tope jeusi kati ya miguu ya rilei. Nilisafisha kwa spiriti, ikakaa sawa.

#10 Kapasita
Plagi imefungwa pande zote, mdudu anapita wapi?

#11 Dala wa Kisumu
Kwenye matundu ya pini, na pembeni ya kitufe. Njoo Dunga jioni wakishapanda, uwaulize wao wenyewe wanavyopita.

#12 Nyanza Tulivu
Kwangu Pasiansi alikuwa mjusi. Si kwenye plagi, kwenye swichi ya pampu ya kisima. Alijilaza juu ya mguso wa chuma kwa ajili ya joto, akabanwa, pampu ikagoma. Kwa hiyo simpingi jirani wa Kisumu.

#13 Kapasita
Sawa, wadudu wapo. Mimi nitazungumzia kitu ambacho kipo hata kwenye nyumba isiyo na mdudu. Ndani ya plagi kuna usambazaji mdogo wa umeme unaogeuza volti 230 kuwa 5 au 3.3. Unategemea kapasita ndogo za elektroliti, vikopo vinavyohifadhi umeme na vyenye majimaji ndani, na hizo zinakaushwa na joto. Plagi iko kwenye kabati lililofungwa, chini ya tangi la maji ya joto, karibu na adapta ya taa. Kapasita ikichoka, volteji ya ndani inayumba. Rilei ikitaka kuvuta, au Wi-Fi ikitaka kutuma, umeme hautoshi, kifaa kinaanza upya. Mchana kinafanya kazi, usiku kinagoma, na fundi anasema hakuna tatizo.

Dalili zinaendana: ilikaa vizuri miezi ya mwanzo, ikaanza kuharibika polepole. Mpangilio wa programu hauharibiki polepole.

#14 Mama Vifaranga
Wanangu, niwapishe na uzoefu wa kazi. Mimi naangua vifaranga vya sato upande wa Magu. Pampu ya hewa haipiti kwenye swichi yoyote yenye akili. Inakwenda moja kwa moja ukutani, na pembeni ipo nyingine ya volti 12 kwenye betri, umeme ukikatika inashika yenyewe kwa rilei ya kawaida. Zile ndoto za kuwasha kwa simu nimewaachia taa.

Jabali, fahamu kitu kimoja. Mwanza iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo maji yako yanashika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 hata kama joto ni lile lile. Ukiyapandisha hadi 31, yanashika kidogo zaidi. Pampu ikizimika kwenye maji ya namna hiyo, yule jike mwenye mayai ndiye wa kwanza kutaabika, na akitaabika anayatema au anayameza. Pia filta ya ndoo iliyofungwa, bakteria wake wanaendelea kupumua wakati pampu imelala. Wakimaliza oksijeni ndani wanaanza kufa, na ukija asubuhi ukabonyeza kitufe unawamwagia samaki ule uozo. Ikiwa imezimika usiku mzima, fungua filta uisuuze kwa maji ya tangi kabla hujaiwasha.

#15 Jabali la Nyegezi
Mama, wabeja sana. Pampu nimeitoa kwenye plagi janja leo hii. Lakini bado nataka kujua kwa nini, maana taa na hita zipo.

#16 Binti Kirumba
Hita ya nini Mwanza? Ziwa lenyewe lina nyuzi 24 hadi 27 karibu mwaka mzima, na hao furu wametoka humo. Ondoa hita, theluthi ya matatizo yako imekwisha.

#17 Nyanza Tulivu
Binti, usiku wa Juni na Julai upepo unapovuma nyumba za juu ya mawe zinapoa. Tangi dogo halina mwili wa ziwa, linapoteza joto haraka. Mimi bila hita napata madoa meupe kwenye mapezi kila kipupwe.

#18 Binti Kirumba
Lita 240 si tangi dogo. Funika juu na kioo.

#19 Fundi Buzuruga
Turudi kwenye hita, kwa sababu hiyo ndiyo hatari. Programu inasema imezimwa na hita inawaka: miguso ya rilei imeshikana. Programu haioni rilei, inaonyesha amri ya mwisho iliyotoa.

#20 Mvuvi wa Data
Hita ya wati 200 kwenye volti 230 inakula chini ya ampea moja. Rilei imeandikwa 10. Itaunguaje?

#21 Fundi Buzuruga
Ile 10 ni ya mzigo mtulivu kama pasi au hita, siyo ya kila kitu. Adapta ya LED inapowashwa, kapasita zake zinanyonya umeme kwa ghafla, na kwa sehemu ya elfu ya sekunde unaweza kufika makumi ya ampea. Mota ya pampu nayo inarusha cheche rilei inapofunguka. Jabali, je, plagi ya hita iliwahi kufanya kazi nyingine kabla?

#22 Jabali la Nyegezi
Ndiyo, zamani ilikuwa kwenye taa. Nilizibadilisha nafasi nilipopanga waya upya.

#23 Fundi Buzuruga
Hapo umenijibu. Miguso ililiwa na taa, ikaja kushikana mbele ya hita. Kwa pampu ungeweza kuweka kizima-cheche: kipinga cha omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 aina ya X2, vikiwa mfululizo, sambamba na miguso. Ni vitu vya bei ndogo, maduka ya vipuri vya redio wanavyo. Lazima kapasita iwe X2, usiweke ya kawaida kwenye umeme wa nyumba.

#24 Kapasita
Na ukiweka hicho kizima-cheche kwenye taa za LED utapata kile alicholalamikia mleta uzi: mwanga hafifu. Kapasita inapitisha umeme kidogo hata miguso ikiwa wazi. Kwa hiyo huenda plagi yake ya taa tayari inacho ndani, na ule mwanga si ugonjwa.

#25 Nyanza Tulivu
Au soketi imefungwa laivu (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudi) kinyume. Plagi inakata nyutro, laivu inabaki imeingia kwenye taa, mwanga unabaki. Ukiitazama soketi, ethi ikiwa juu, laivu inapaswa kuwa tundu la kulia. Chukua tesita uhakikishe. Hiyo ni hatari pia, kwa sababu unaingiza mkono majini ukiamini kifaa kimezimwa. Kabla ya kuingiza mkono, chomoa plagi. Kuzima kwa simu hakutoshi.

#26 Mtu wa Mabatini
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeliona hili. Taa zinapaswa kuzima saa tatu usiku. Zinazima saa sita. Tofauti ni saa tatu kamili. Sisi huku tuko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich. Plagi imepoteza mpangilio wa eneo, inasoma saa ya Greenwich.

#27 Binti Kirumba
Mtu wa Mabatini umetisha. Jabali, siku hizo asubuhi yake taa ziliwaka saa ngapi?

#28 Jabali la Nyegezi
Siku ya hivi karibuni zilichelewa hadi mchana. Kama saa saba hivi. Sikuiunganisha na ile ya usiku!

#29 Mtu wa Mabatini
Saa nne jumlisha tatu. Plagi hizi hazina saa yenye betri ndani. Umeme ukikonyeza, saa inafutika, inaomba muda upya kutoka intaneti. Sasa niulize: bando lako linaisha saa ngapi?

#30 Jabali la Nyegezi
La siku, linakwisha usiku. Nanunua jingine asubuhi.

#31 Mvuvi wa Data
Nakubali nusu. Asipokuwa na intaneti asingepata saa yoyote, hata ya Greenwich. Na eneo la saa kwa kawaida linahifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika. Lazima kitu kingine kiliifuta, na hapo narudi kwenye kapasita za #13: volteji ikiyumba wakati plagi inaandika, kumbukumbu inaharibika.

#32 Kapasita
Asante kwa kunirudia.

#33 Mzee wa Capri Point
Mnanikumbusha vifaa vya zamani. Kabla ya Wi-Fi kulikuwa na X10, mfumo wa kuwasha na kuzima vifaa vya nyumbani ukiwa mbali, ilibuniwa mwaka 1975 huko Glenrothes, Scotland. Ilituma amri ndani ya waya wa umeme wenyewe, kwa kilohezi 120, pale volteji inapovuka sifuri. Mpwa wangu alinitumia boksi zima kutoka Marekani. Kwanza zilikuwa za volti 120 na hezi 60, hazifai hapa. Nikapata za volti 230, zikafanya kazi hadi nilipoongeza chaja za simu na balbu za kisasa. Kila chaja inatia kelele kwenye waya, amri inapotea njiani. Pampu inawaka yenyewe, taa haisikii. Watu wenye matangi walilia sana na vile vifaa, kwa sababu tangi moja lina adapta nyingi kuliko sebule nzima.

#34 Mvuvi wa Data
Mzee, hiyo haimhusu Jabali. Za kwake hazitumii waya kupeleka amri.

#35 Mzee wa Capri Point
Amri hazipiti huko, lakini umeme wake unapita. Kelele na miruko ya volteji inamfikia vile vile. Radi za ziwani zinapiga usiku na alfajiri, hata mvua isipofika kwenu. Linganisheni saa za pampu kuzimika na saa za radi.

#36 Fundi Buzuruga
Mzee ana hoja. Na mimi naongeza nyutro. Jabali, friji ikiwaka, balbu za chumbani zinafifia au zinaongeza mwanga?

#37 Jabali la Nyegezi
Zinacheza. Nyingine zinaongeza mwanga kidogo.

#38 Fundi Buzuruga
Zikiongeza mwanga mzigo unapowaka, huenda nyutro imelegea mahali fulani. Hapo volteji haiko kwenye 230, inapanda na kushuka kwa kadiri ya mizigo. Usiguse mita mwenyewe, hiyo ni kazi ya wenye umeme wao. Lakini skrubu za sekiti breka na soketi za ndani, fundi mwenye leseni azikaze umeme ukiwa umezimwa.

#39 Binti Kirumba
Wakati mafundi wanapimana, Jabali hajajibu ni furu gani.

#40 Jabali la Nyegezi
Ni Haplochromis nyererei, dume mwekundu mgongoni na majike wake.

#41 Mtu wa Mabatini
Siku hizi ni Pundamilia nyererei. Mwaka 1985 alipoelezwa kitaalamu na kupewa jina la Mwalimu, aliwekwa kwenye Haplochromis. Jenasi ya Pundamilia ilikuja 1998. Na huyu anahusu mada: majike wake wanachagua dume kwa rangi. Nduguye wa bluu anaishi maji ya juu zaidi. Ukiwaweka pamoja chini ya taa ya njano isiyoonyesha rangi, majike hawatofautishi, wanachanganyika. Kwa hiyo taa ya huyu samaki si pambo.

#42 Mama Vifaranga
Na taa ikibaki hadi saa sita usiku, jike hapumziki. Mwenye mayai muwekee giza kwa wakati.

#43 Jabali la Nyegezi
Mrejesho. Pampu iko ukutani moja kwa moja, haijazimika tena. Hita nimeichomoa kabisa, maji yanasoma 26, jike bado ana mayai. Taa nimeweka kipima muda cha kuzungusha kwa mkono. Ekstensheni nimeipandisha ukutani juu ya usawa wa tangi, waya nimezining'iniza zishuke kabla ya kupanda kwenye soketi, tone lisitembee hadi kwenye umeme.

Plagi ya hita nimeifungua. Miguso ya rilei ni myeusi na imeshikana, nimeitenganisha kwa bisibisi. Kapasita moja imevimba kichwani. Na pembeni kuna wadudu wachache wakavu.

#44 Fundi Buzuruga
Miguso myeusi. Nilisema.

#45 Kapasita
Kapasita imevimba. Rilei inayovutwa kwa volteji dhaifu miguso yake haigusani sawasawa, inarusha cheche, inaungua. Chanzo ni kapasita, miguso ni matokeo.

#46 Dala wa Kisumu
Na wadudu je?

#47 Mvuvi wa Data
Plagi ya pampu haijafunguliwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa inazimika. Msihukumu kesi ya moja kwa ushahidi wa nyingine.

#48 Fundi Buzuruga
Jabali, badilisha rilei ya hiyo ya hita, kapasita iache. Iwashe kwenye balbu ya kawaida. Ikidumu, Kapasita atanyamaza.

#49 Kapasita
Mimi nasema abadilishe kapasita tu, aweke ya kuhimili joto la nyuzi 105, rilei aisafishe. Asibadilishe vyote viwili, maana hatutajua.

#50 Binti Kirumba
Ana plagi tatu. Moja abadilishe rilei, moja kapasita, ya tatu asiguse, zote ziwashe balbu nje ya kabati. Jumamosi nakuja Nyegezi na multimita, tuone volteji ya usiku inapanda hadi ngapi. Fundi, utakuwepo?

#51 Fundi Buzuruga
Nipo baada ya saa nane. Nitakuja na rilei za kutosha.